Maswali ya Wasomaji: Matunzo ya Cherehani za Kiwandani

Barua zilizotufikia katika kipindi hiki zimetoka kwa wingi Dodoma Mjini, Kondoa, Manyoni na Singida, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kwa nini mashine za kushonea zinasimama mara kwa mara, na ni nani mwenye wajibu wa kuzifanya zisisimame. Tumechagua barua sita ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine. Majina ya waandishi hayatajwi, na barua ndefu zimefupishwa.

Fundi mmoja, mashine 36

*Ndugu Mhariri, mimi ni msimamizi wa uzalishaji katika kiwanda kidogo cha sare za shule kilichopo Kizota, Dodoma. Tuna mashine 36: nyingi ni za mshono wa kawaida, ovaloki (za kukata na kushona ukingo wa kitambaa) ni nane, ya matundu ya vifungo ni moja na ya kushona vifungo ni moja. Fundi wa mashine ni mmoja. Tangu asubuhi huitwa huku na huko, na bado washonaji hukaa wakimsubiri. Msimu uliopita tulichelewesha sare za Januari na wateja walilalamika sana. Mwenye kiwanda anataka tuajiri fundi wa pili, lakini mimi nina shaka kama tatizo ni idadi ya mafundi. Mnashauri nini?*

Shaka yako ina msingi. Huenda fundi wa pili akahitajika kweli, lakini hakuna awezaye kusema hivyo kwa uhakika kabla ya kujua muda wa fundi wa kwanza unaishia wapi, na katika karakana nyingi jambo hilo halijulikani kwa sababu halijawahi kuandikwa. Anza na daftari. Kila mashine ipewe namba, na namba hiyo ipakwe rangi kwenye kichwa cha mashine, si kwenye meza, kwa kuwa vichwa huhamishwa kutoka meza moja hadi nyingine. Mashine inaposimama, msimamizi wa laini aandike namba yake, saa iliposimama, saa fundi alipofika, saa iliporudi kazini, kile ambacho mshonaji alisema amekiona, na kile ambacho fundi alikikuta. Mambo haya mawili ya mwisho yasichanganywe. Mshonaji atasema “uzi unakatika”, nayo ni taarifa sahihi kabisa. Fundi ataandika “sindano butu”, au “kibano cha uzi kimekazwa mno”, au “ndoano ya chini ina mkwaruzo”. Ni pale utakapoona malalamiko yale yale ya uzi kukatika yakijirudia katika mashine ile ile, huku fundi akiandika kila mara kwamba amebadilisha sindano, ndipo utakapojua kwamba sindano hazikuwa chanzo.

Safu za saa zina faida yake pia. Chukua mfano wa kukadiria: fundi ameitwa mara 18 kwa siku, kila mara mshonaji amesubiri dakika 12, na matengenezo yenyewe yamechukua dakika 8. Mashine zimepoteza dakika 360, yaani saa sita nzima, lakini dakika 216 kati ya hizo ni za kusubiri na 144 tu ndizo za kutengeneza. Fundi huyo ametumia bisibisi kwa muda usiofika saa mbili na nusu katika siku ya saa nane, na bado kila mtu anamwona amezidiwa. Sababu ni kwamba miito haiji kwa mpangilio. Huja kwa mkupuo, hasa saa ya kwanza ya asubuhi na mara baada ya chakula cha mchana, na tena fundi hupoteza hatua nyingi akirudi stoo kufuata spana, sindano au springi ambayo ingeweza kukaa kwenye kisanduku anachotembea nacho. Mkifungua daftari lenu baada ya wiki nne, hesabuni miito iliyotokana na sindano, na uzi uliotungwa vibaya, na nyuzinyuzi zilizojaa chini ya bamba la sindano. Nina hakika sehemu hiyo haitakuwa ndogo, na hakuna hata mmoja kati ya miito hiyo unaohitaji fundi.

Kazi hizo ni za mshonaji, na afundishwe mpaka azimudu: kubadilisha sindano, kutunga uzi kwa njia sahihi, kusafisha eneo la bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini, na meno ya kusukumia kitambaa, na kutazama kiwango cha oili kabla ya kuanza. Tengeni dakika kumi za mwisho wa zamu kwa usafi huo. Hapa nina neno la kusisitiza kwa mwenye kiwanda: kama washonaji wenu hulipwa kwa idadi ya vipande, basi dakika hizo kumi zilipwe pia. Mtu anayelipwa kwa kola alizoshona hawezi kulaumiwa kwa kutotaka kuacha kola ili afagie nyuzinyuzi bila malipo, na maagizo yoyote yatakayobandikwa ukutani hayatabadilisha hesabu hiyo iliyo kichwani mwake.

Jambo linalofuata ni utaratibu wa nani aanze kuhudumiwa. Fundi akiitwa na watu watatu kwa wakati mmoja, mara nyingi huenda kwa aliyepaza sauti zaidi, au kwa aliye karibu. Kanuni iwe kwamba mashine isiyo na mbadala ndiyo ya kwanza. Mashine yenu ya matundu ya vifungo iko peke yake. Ikisimama, mashati yote yatalundikana mbele yake hata kama nyingine 35 zinashona bila kasoro. Hiyo ndiyo ikaguliwe kila asubuhi kabla ya watu kuketi, na hiyo ndiyo iwekewe kisu cha akiba, sindano zake na springi zake katika boksi lenye namba yake. Kwa mashine za mshono wa kawaida njia ni tofauti: wekeni vichwa viwili vizima vya akiba. Kichwa cha mashine ya kiwandani hukaa kwenye bawaba za meza, kwa hiyo ukishazima umeme na kuvua mkanda, watu wawili hukiinua na kukiweka kingine kwa muda mfupi sana, na kile kibovu kikapelekwa kwenye meza ya fundi akakifungue kwa utulivu, badala ya kukifungua huku mshonaji amesimama nyuma ya bega lake na msimamizi akitazama saa.

Halafu kuna matengenezo ya kinga, ambayo watu wengi huyakubali kwa maneno na kuyaahirisha kwa vitendo. Njia nyepesi ni kupanga mashine mbili kila siku, kwa saa isiyobadilika. Mashine 36 zitamalizika katika siku 18 za kazi, kwa hiyo kila moja itapita mikononi mwa fundi kila mwezi na bado zitabaki siku za kufidia zilizoahirishwa. Katika zamu hiyo fundi hukaza skrubu, hutazama kama mkanda una ulegevu wa takriban sentimita moja ukibonyezwa kwa kidole, hupitisha ukucha kwenye ncha ya ndoano na kwenye tundu la bamba akitafuta mkwaruzo, hupima urefu wa meno ya kusukumia kitambaa, husafisha vibano vya uzi ambavyo huficha vipande vya nyuzi katikati yake, na kuandika. Kazi kubwa zaidi, kama kubadilisha oili yote na kufungua sehemu zilizolegea kwa uchakavu, ziwekeni Februari na Machi, baada ya msimu wa sare kupita. Mkizisubirisha hadi Novemba, oda zitakuwa zimekwisha kuingia na hakuna atakayekubali mashine ilale.

Baada ya miezi miwili ya utaratibu huu rudieni hesabu ya dakika. Kama fundi bado anatengeneza, kwa maana ya kutengeneza hasa, kwa saa sita au saba kila siku, ajirini wa pili bila kusita. Mimi ningeanza na kijana msaidizi, ambaye angeshika usafi na mashine mbili za kila siku huku akijifunza, kwa sababu kiwanda chenye fundi mmoja tu kina hatari nyingine kubwa: siku fundi huyo akiugua au akipata kazi Dar es Salaam, ujuzi wote wa mashine zenu unaondoka naye.

Mishono inayoruka kwenye fulana

*Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha akina mama hapa Kondoa kilipata oda ya fulana. Mashine zetu za mshono wa kawaida zilikuwa zikishona vitambaa vya sare vizuri, lakini kwenye fulana zinaruka mishono na uzi wa juu unakatika. Fundi tuliyemwita alifungua chini akasogeza taimingi, na tangu hapo hata kitambaa cha sare hakishoneki. Je, mashine zimekufa?*

Mama mwenyekiti, mashine hazijafa. Kilichotokea ni kwamba palianzwa na taimingi, yaani kulinganisha mwendo wa ndoano na wa sindano, hatua ambayo ingepaswa kuwa ya mwisho, na hilo hutokea mara nyingi kiasi cha kunifanya nilieleze kwa urefu.

Mshono wa kawaida hufungwa hivi: sindano hushuka na uzi hadi chini kabisa, kisha huanza kupanda, inapopanda kidogo tu, uzi ulio upande wake wa nyuma hubaki umelegea na kufanya kitanzi kidogo, na ncha ya ndoano inayozunguka bobini hupita ndani ya kitanzi hicho na kuukamata uzi. Kitanzi kisipotokea, au kikitokea mahali pengine, ndoano hupita mahali patupu na mshono umeruka. Kitambaa cha fulana ni cha kufumwa kwa vitanzi, kama sweta, na huvutika. Sindano yenye ncha kali ya kawaida hukichoma uzi wake badala ya kupita katikati ya nyuzi, nacho hung’ang’ania sindano na kuinuka pamoja nayo, hivyo uzi wa juu haupati nafasi ya kulegea. Dawa yake ni sindano yenye ncha ya mviringo, iliyotengenezwa kwa ajili ya vitambaa vya kufumwa, na yenye unene mdogo. Kama kwenye sare mnatumia namba 90, ambayo wengine huiita 14, kwenye fulana nyepesi jaribuni 75, ambayo ni 11. Namba ya kwanza ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita: 90 ni milimita 0.9. Bamba la sindano nalo liwe lenye tundu dogo linaloendana na sindano hiyo, kwa sababu tundu pana huruhusu kitambaa kuzama pamoja na sindano.

Utaratibu wa kukagua uanze na kinachogharimu kidogo. Vueni uzi wote na mtunge upya huku mguu wa mashine umeinuliwa, ili uzi uingie kati ya sahani za kibano. Wekeni sindano mpya, isukumwe hadi juu kabisa kabla ya skrubu kukazwa. Kwenye mashine za kiwandani zilizo nyingi, mfereji mrefu wa sindano hukaa kushoto na sehemu iliyochongwa juu ya jicho hukaa kulia, upande wa ndoano, na uzi hutungwa kutoka kushoto kwenda kulia. Sindano iliyogeuka hata kidogo yatosha kuruka mishono siku nzima. Kisha kagueni uzi wa chini: shikeni ncha ya uzi na mwache kikopo cha bobini kining’inie; kikitulia, na mkitikisa mkono kidogo kikashuka taratibu kisha kikasimama, kibano chake kiko sawa. Kikianguka moja kwa moja kimelegea, na kisiposhuka kabisa kimekazwa mno. Baada ya hapo ndipo mtu atafute mkwaruzo kwenye ndoano, ambao fundi huweza kuusugua kwa msasa laini sana. Taimingi ndiyo ya mwisho, kwa kuwa haihami yenyewe bila sababu. Huhama skrubu ikilegea, au sindano ikigonga chuma kwa nguvu.

Kwa mashine zilizokwisha kuguswa, fundi azirudishe kwenye vipimo vyake. Mashine nyingi za kiwandani zina mistari iliyochongwa kwenye fimbo inayoshika sindano, na mistari hiyo ndiyo humwonyesha urefu wa sindano na mahali ndoano inapopaswa kuwa. Sindano ikiwa imepanda takriban milimita 2 kutoka chini kabisa, ncha ya ndoano inapaswa kuwa katikati ya sindano, juu kidogo ya jicho, na nafasi kati ya ncha hiyo na sindano isizidi unene wa karatasi ya daftari. Ajaribu kwanza kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, kuelekea upande wa mshonaji, kabla ya kukanyaga pedali. Ashone kipande cha sare, kisha kipande cha fulana kwa sindano yake. Nawaomba pia muweke sharti kwamba fundi yeyote atakayegusa taimingi aandike sababu ya kufanya hivyo.

Jambo moja la ziada kuhusu oda yenyewe. Mshono wa kawaida hauvutiki kama fulana inavyovutika, kwa hiyo hata ukishonwa bila kuruka utakatika mvaaji atakapoivuta kichwani. Pande za fulana zishonwe kwa ovaloki. Kama hamna, ni heri kumlipa mwenye nayo kuliko kumkabidhi mteja fulana zitakazofumuka.

Vumbi na oili

*Karakana yangu iko Nkuhungu, kando ya barabara ya vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua zinapokuja, kila asubuhi nakuta mashine zimefunikwa na vumbi. Fundi mmoja aliniambia niongeze oili kila siku, na oili ya cherehani ikiisha nitumie ya injini. Wengine hutumia ya kupikia. Je, ni sahihi?*

Si sahihi, na madhara yake huchukua muda kuonekana, ndiyo maana ushauri huo unaendelea kutolewa. Mashine ya kiwandani ya mshono wa kawaida hushona hadi mishono 4,000 au 5,000 kwa dakika, na ndoano yake huzunguka mara mbili kwa kila mshono, yaani mara 8,000 hadi 10,000 kwa dakika. Mwendo huo unahitaji oili nyepesi, nyeupe, inayopenya haraka. Oili ya injini ni nzito kuliko inavyotakiwa na itaacha madoa yasiyotoka kwenye kitambaa. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi, kwa kuwa hukauka na kugeuka gundi ndani ya mashine. Mashine huwa nzito kuzungusha, na watu hudhani mota imechoka.

Kuongeza oili kila siku bila kutazama nako hakufai. Kama mashine yako ina sinia la oili chini yake, kuna alama mbili za kiwango: oili iwe kati ya alama hizo, isipite ya juu. Kwenye kichwa cha mashine kuna kidirisha kidogo. Mashine ikiwa inashona, oili inapaswa kuonekana ikirukaruka humo. Usipoiona, zima mashine na uite fundi siku hiyo hiyo, kwa sababu mashine inayoshona bila oili hujila yenyewe. Oili iliyobadilika rangi na kuwa ya kahawia imwagwe, sinia lifutwe, na chujio la pampu lisafishwe kabla ya kuweka mpya. Mashine zisizo na sinia huwekewa tone moja au mawili katika kila tundu lake, kisha huzungushwa kwa mkono. Asubuhi, kabla ya kugusa nguo ya mteja, shona kwanza kwenye kitambaa chakavu hadi kisionyeshe doa.

Kuhusu vumbi lenyewe, Dodoma ina kiangazi kirefu, mvua zikianza kwa kawaida karibu na Desemba na kuisha Aprili, kwa hiyo usilichukulie kama jambo la kupita. Vumbi la barabarani peke yake si adui mkubwa. Hatari ni pale linapokutana na nyuzinyuzi za kitambaa zilizolowa oili. Fungua bamba la sindano la mashine iliyofanya kazi wiki mbili bila kusafishwa na utaona, katikati ya mistari ya meno, tabaka gumu la kijivu lililoshikamana kiasi kwamba hutoka likiwa kipande kimoja chenye umbo la meno yenyewe. Meno yakishainuliwa na tabaka hilo hayawezi kushuka vizuri, na mishono huanza kutolingana urefu. Litoe kwa brashi ndogo na kibanio. Usilipulize kwa mdomo, na ukitumia pampu ya upepo elekeza upepo utoe uchafu nje, kwani ukielekeza ndani utausukuma mpaka kwenye ndoano. Funika kila mashine jioni kwa kitambaa kizito, fagia sakafu kwa pumba za mbao zilizoloweshwa badala ya ufagio mkavu, na kama unaweza, hamisha ovaloki mbali na dirisha linalopokea upepo. Ovaloki hukata kitambaa huku ikishona, kwa hiyo hujitengenezea uchafu wake. Isafishwe zaidi ya mara moja kwa siku.

Umeme na mota za mitumba

*Niko Singida. Nilinunua mashine nne za kiwandani zilizotumika, mbili zina mota za klachi na mbili mota za savo. Za klachi zinaenda polepole kuliko nilivyoonyeshwa, na kisanduku cha savo moja kimeungua baada ya umeme kukatika na kurudi. Nifanye nini?*

Soma kwanza kibati kilicho kwenye kila mota. Umeme wetu wa njia moja ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Kama mota imeandikwa volti 100 au 110, isiunganishwe moja kwa moja hata kwa majaribio. Kama imeandikwa mizunguko 60, hiyo ndiyo sababu ya polepole: mota ya klachi iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 huzunguka hapa kwa takriban sehemu tano kati ya sita za kasi yake. Fundi anaweza kufidia kwa kuweka puli kubwa zaidi kwenye mota, na wala hapana haja ya kubadilisha mashine.

Mota ya klachi huzunguka muda wote inapowashwa, hata mshonaji akiwa anapanga vitambaa, ndiyo maana huunguruma na kula umeme bure. Ya savo huzunguka pedali inapokanyagwa tu. Kwa karakana inayonunua luku, tofauti hiyo huonekana. Hata hivyo kisanduku cha savo kina vifaa vya kielektroniki visivyostahimili umeme unaopanda ghafla. Weka kifaa cha kulinda volti kinachochelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi, wafundishe washonaji kuzima swichi umeme unapokatika, na fundi umeme mwenye leseni akague kama karakana ina waya wa ardhi unaofanya kazi. Mashine inayomtekenya mshonaji mkono inapoguswa ni ya kuzimwa papo hapo.

Spea za kuagiza

*Kila spea tunaifuata Kariakoo. Mashine ikifa Jumatatu, hurudi kazini Alhamisi. Tupunguzeje siku hizi? – Karakana, Manyoni*

Punguzeni aina za mashine. Karakana yenye mashine kumi za mshono wa kawaida za aina moja huhitaji akiba ndogo kuliko yenye tano za aina tano, na mashine moja iliyokwisha kabisa huweza kutolewa spea za kuwaokoa wenzake. Wekeni akiba ya vitu vinavyokufa mara kwa mara: sindano za kila aina mnayotumia, bobini na vikopo vyake, ndoano moja nzima, mikanda, springi za kibano, skrubu za sindano, na visu vya ovaloki vya juu na vya chini. Daftari la matengenezo litawaambia kila kimoja huisha baada ya muda gani, na agizo litoke kabla cha mwisho hakijatumika. Mnapoagiza kwa simu, tajeni aina na modeli ya mashine pamoja na namba iliyochongwa kwenye spea, na mtume picha yake ikiwa karibu na rula. Spea nyingi zinazorudishwa Dar es Salaam hazikuwa mbovu, bali hazikuwa za mashine ile.

Vipande vya sindano

*Mimi ni fundi kijana, nimemaliza VETA na nimeajiriwa katika karakana ya sare hapa Dodoma. Washonaji wanapovunja sindano huficha, kwa sababu bei yake hukatwa kwenye ujira. Juzi nimekuta kipande cha sindano kwenye upindo wa sketi ya mtoto. Nimemwambia msimamizi, akasema nikitoe tu tuendelee. Nimekosea kulisisitiza?*

Hukukosea hata kidogo, na nakuomba usiliache. Upindo huo ungekaa kwenye paja la mtoto wa darasa la kwanza.

Makato hayo yakomeshwe kwanza. Sindano ni bidhaa ya bei ndogo inayochakaa kwa kazi, na kuikata kwenye ujira hununua jambo moja tu, nalo ni ukimya. Mweleze msimamizi kwa hesabu: fidia ya bei ya sindano moja hailingani na mzigo mzima wa sare utakaorudishwa na shule baada ya mtoto mmoja kuchomwa. Viwanda vinavyouza nguo nje ya nchi hutakiwa na wanunuzi wao kuonyesha kumbukumbu za sindano zilizovunjika, na utaratibu wanaoutumia unaweza kufuatwa na karakana ya mashine kumi bila gharama.

Sindano mpya zikae kwa mtu mmoja, na asitoe mpya bila kupokea ya zamani. Sindano ikivunjika, mshonaji asimamishe mashine na asisogeze kitu chochote. Vipande vyote vikusanywe, viunganishwe mezani mpaka sindano itimie kuanzia shina hadi ncha, kisha vibandikwe kwa selotepu kwenye ukurasa wa daftari pamoja na tarehe, namba ya mashine na jina la mshonaji. Jina haliandikwi ili aadhibiwe: linaandikwa kwa sababu mashine inayovunja sindano tatu kwa wiki ina kasoro, pengine bamba limesogea au mshonaji anavuta kitambaa kwa nguvu, nawe ndiye utakayeitafuta. Ukitengeneza mashine hiyo mbele yake bila kumkaripia, safari ijayo atakuita mwenyewe.

Wewe mwenyewe, kabla ya kutafuta kipande ndani ya mashine, zima swichi na uchomoe plagi, na ikiwa mota ni ya klachi subiri gurudumu lisimame, kwa kuwa huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuzimwa. Hakikisha kinga ya vidole karibu na sindano, kifuniko cha mkanda na kioo cha kukinga macho kwenye ovaloki vimerudishwa kila unapomaliza. Mafundi wengi huvivua kwa urahisi wa kazi na kuvisahau kwenye droo, ilhali Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi dhidi ya mashine zao.

Kipande kisipopatikana, tafuteni kwa sumaku sakafuni, kwenye sinia la oili, chini ya bamba, na ndani ya kila kipande cha nguo kilichokuwa mezani kwa mshonaji huyo, mkipapasa mishono yote kwa vidole na kwa sumaku. Bado kisipoonekana, nguo zilizokuwa mezani zitengwe, zifungwe na kuandikwa, zisiende kwenye pasi wala kwenye maboksi. Zisiuzwe kwa bei ya chini wala kupewa mtu bure. Zikatwe.